Nani Atabeba Jagi la Martini

Notburga alikuwa akimnyonyoa bata bukini kwa hasira, na manyoya yalikuwa yametapakaa jikoni mpaka ndani ya bakuli la sukari. Bata mwenyewe hakuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa mumewe, Engelbert, aliyekaa nje kwenye benchi la uani, kofia kaiinamisha upande, akipongezwa na kila mpita njia kwa kazi ambayo hakuifanya.

Habari ilitoka kwenye duka la mikate la Roswitha, ambako habari zote za kijiji hutoka zikiwa bado za moto. Wazee wa divai walikuwa wamepita kuonja mapipa ya nyumba zote, na wameamua kwamba divai ya akina Gangl ndiyo itakayobatizwa mwaka huu, siku ya Mtakatifu Martini. Kwa watu wa vilima vile vya kando ya ziwa, hiyo si heshima ya kuchezea. Divai mpya, kabla padri hajaibariki na kabla mama wa ubatizo hajaipa jina, ni mpagani tu. Kuinywa ni ruksa, tena hunywewa sana, ila kwa mkono wa kushoto, bila kugonganisha glasi, na badala ya kutakiana afya watu huambiana "chakula chema", hata kama mezani hakuna hata kipande cha mkate. Ikishabatizwa ndipo mkono wa kulia unafunguliwa, glasi zinagongana, na bata wanaliwa mpaka mikanda ya suruali inalegezwa. Na anayelipeleka jagi la kwanza mbele ya padri ni yule aliyeitengeneza divai hiyo.

"Hongera za Engelbert!" Roswitha alimwambia Notburga akimpa mkate. "Mume unaye, mwenzangu! Kichwa kile, kwa divai, hakina mfano."

Notburga alichukua mkate wake bila kusubiri chenji, akarudi nyumbani na kumkamata bata.

Ukweli ni kwamba Engelbert hakuwa ametengeneza divai tangu siku alipoanguka kwenye ngazi akichuma cheri. Mgongo uliteguka, akalala chali wiki kadhaa, na vuli ile akamwambia mkewe, "Wewe fanyafanya tu, mama, ili tusikose cha kunywa." Notburga alikuwa amekulia kwenye mizabibu, ila nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje. Alishuka ghalani, kule chini ya kilima ambako mapipa hulala, akafunga mlango, akafanya kama moyo wake ulivyomtuma. Divai ikatoka tamu kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye nyumba ile. Ikapata medali. Engelbert, mgongo ukiwa umepona ghafla, akavaa koti lake la harusi akaenda kuipokea.

"Mwakani tutawaambia," alimwambia mkewe njiani wakirudi.

Mwakani ikaja ikapita, ikaja nyingine nayo ikapita. Mgongo ule ulikuwa na tabia zake. Uliuma wakati wa kupogoa mizabibu, uliuma zaidi wakati wa kusugua mapipa, lakini haukuwahi kuuma kwenye dansi. Notburga akawa mtu wa mabuti ya mpira na mikono iliyopata rangi ya zambarau isiyotoka kwa sabuni ya aina yoyote. Engelbert akawa mtu wa benchi, anayewaeleza wageni jinsi alivyofanya hiki na kile. Medali zikajaa ukutani, zote zina jina lake, na anayezipangusa vumbi ni Notburga.

Mwaka huu mambo yalizidi. Zabibu zilikuwa karibu kuiva pale mawingu yalipotanda juu ya ziwa, na kijiji kizima kikakimbilia mashambani na ndoo. Engelbert alisimama mlangoni akifoka.

"Chuma, mwanamke! Unangoja nini, unangoja malaika waje wakuchumie?"

Notburga alitafuna zabibu chache, akatema mbegu kiganjani, akaziangalia. "Bado," akasema.

"Mke wangu ana kichwa cha jiwe," Engelbert akamwambia jirani juu ya ua, kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani. "Atatufilisi mpumbavu huyu!"

Mvua ikanyesha, kisha upepo ukaja ukazikausha zabibu, kisha jua likatoka na kukaa wiki nzima kama mgeni aliyependezwa na nyumba. Waliochuma mapema walibaki kujilaumu. Notburga alichuma peke yake, usingizi haukumpata siku zile kwa wasiwasi, na Engelbert hakumsemesha hata neno. Hiyo ndiyo divai iliyochaguliwa.

Jumamosi kabla ya sikukuu, tawi la msonobari lilikuwa limetundikwa juu ya lango, maana yake nyumba imefunguliwa kwa wanywaji, na ua ulikuwa umejaa. Wageni wa mjini nao walikuwepo, wale wanaozamisha pua ndani ya glasi na kutoka wakisema wamesikia harufu ya ngozi, ya tumbaku, na ya jiwe lililonyeshewa. Mtu analipa kunywa zabibu halafu anatafuta jiwe! Notburga alikuwa akipita katikati yao na ubao wa mikate iliyopakwa mafuta ya nguruwe na vitunguu, na ndipo aliposikia sauti ya mumewe.

"Siri ni moja tu, ndugu zangu. Ni kungoja." Engelbert alikuwa ameegemea meza ya bwana mmoja mnene kutoka Hamburg, mtu aliyezoea bia na samaki. "Wenzangu wote waliyakimbia mawingu. Huyu mama watoto wangu hapa alikuwa ananililia, chuma Engelbert, chuma! Nikamwambia, tulia mama. Divai haina haraka."

Notburga aliutua ubao mezani kwa kishindo, vitunguu vikaruka. Kuibiwa kazi alikuwa ameshazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Lakini sasa alikuwa ameibiwa hata ugomvi wake. Usiku aliokesha, matusi aliyomeza, vyote vilikuwa vimepewa mwenye benchi, na yeye amepewa upumbavu wa mwenye benchi auvae. Alimkazia macho mumewe, akingoja aone haya.

Engelbert akamkonyeza.

"Basi kwa afya ya mtu anayejua kungoja!" akasema yule bwana wa Hamburg, asiyejua mila wala desturi, akanyanyua glasi kwa mkono wa kulia.

Na Engelbert, kichwa kimevimba kwa sifa, akasimama. Akanyanyua glasi yake ya divai mpya, kwa mkono wa kulia, akaigonga kwenye ile ya mgeni, ngii, akatamka kwa sauti nzito: "Afya!"

Ua mzima ukageuka kumtazama. Kisha Lambert, mdogo wake Engelbert, akapiga meza kwa ngumi.

"Jamani! Kampa afya mpagani!"

Vicheko vilivyolipuka hapo vilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Yule mgeni alicheka pia bila kujua anacheka nini. Engelbert alibaki amesimama, glasi mkononi, uso umeiva kuliko divai yenyewe, maana sheria ya kijiji anaijua hata mtoto wa chekechea. Mwenyeji anayeitakia afya divai isiyobatizwa huosha glasi zote za sikukuu ya Martini, kwa mkono, mbele ya watu, na siku hiyo hasogei karibu na jagi. Imewakuta wakubwa. Diwani mmoja aliwahi kuosha glasi mpaka vidole vikajikunja.

Jioni, wageni walipoondoka, wale ndugu wawili wakaingia jikoni. Notburga alikuwa akikatakata kabichi nyekundu ya kupikwa na matofaa, na kisu kilikuwa kinagonga ubao kwa mapigo yasiyo ya amani.

"Basi jagi atabeba Lambert," Engelbert alisema akijikuna shingo. "Ni damu yangu. Jina la Gangl halitapotea."

Lambert aliitikia kwa kichwa. Mdomo wake ulikuwa umejaa soseji.

"Lambert anakunywa bia," Notburga alisema.

"Shemeji, si kubeba tu jamani? Kubeba si kunywa."

"Lambert anauza matairi. Hata mlango wa ghala haujui unafungukia upande gani."

"Mama, usianze," Engelbert akasema.

"Sijaanza. Ningeanza zamani saa hizi tungekuwa tumemaliza." Kisu kikasimama. Uzalendo ulikuwa umemshinda. "Umesikia ulichosema leo? Kwamba nilikulilia uchume? Mimi?"

"Aa, ile ilikuwa stori tu ya kuchangamsha wageni. Unajua wageni walivyo."

"Uliniita mpumbavu kwa jirani. Leo upumbavu wako mwenyewe umeuvua ukanivisha mimi, halafu ukanikonyeza. Unanikonyeza, Engelbert! Kana kwamba tumeshirikiana kuniibia!"

"Kwani hapa kuna yangu na yako? Nyumba moja, meza moja, kitanda kimoja. Divai yangu, divai yako, si ileile?"

"Kama ni ileile, waambie ni yangu."

Lambert aliacha kutafuna. Engelbert alitazama dirishani, akatazama bata aliyelala uchi juu ya sinia, akakosa pa kutazama.

"Watanicheka, Burgi," alisema kwa sauti ya chini. "Medali zote zile. Watasema miaka yote Engelbert alikuwa anatembelea nyota ya mkewe."

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo! Lakini wasiseme!"

Notburga alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha hata chembe. "Sikiliza, bwana wewe. Jagi nabeba mimi. Na wewe utafungua mdomo wako huo unaojua kueleza wageni, uwaambie nani kaitengeneza. Usipowaambia, nalimwaga. Pale pale, mbele ya padri."

"Huwezi. Divai nzuri hivi?"

"Niliyoitengeneza ninashindwa kuimwaga? Shemeji, kama umeshiba, mlango ule."

Siku ya Martini ilifika na baridi na ukungu wake. Ukumbi wa zimamoto ulikuwa umejaa, magari ya kuzimia moto yametolewa nje ili meza zipate nafasi, bendi ya matarumbeta imejibanza pembeni, na harufu ya bata waliokuwa wakiiva kwenye mafuta yao wenyewe ilikuwa inawafanya watu wazima wameze mate bila aibu. Engelbert alikuwa kwenye pembe ya karai, pale pa kuoshea glasi, mikono ya shati imekunjwa, povu mpaka kwenye viwiko. Watu walikuwa wanampitia kwa zamu wakimtania.

"Engelbert, hii bado ina rangi ya mdomo!"

"Sugua baba, usiitakie afya tu!"

Alijitahidi kucheka nao. Kisha mlango ukafunguliwa, Notburga akaingia na jagi.

Alikuwa amevaa gauni lake la kijani la kutokea, na juu yake aproni ya buluu ya watengeneza divai, ile wanayovaa wanaume, ya Engelbert mwenyewe, ameikunja kiunoni maana ilikuwa pana. Minong'ono ilipita mezani. Yeye alipita katikati yao bila kugeuza shingo.

"Haya," padri alisema akitabasamu, "rafiki yetu Engelbert kafungwa na ulimi wake mwenyewe." Watu wakacheka. "Basi mke wake mwema ametuletea divai ya mumewe. Karibu, mama." Akanyoosha mikono apokee jagi.

Notburga hakulitoa.

Padri alidhani hakusikia. "Niletee, mama."

"Samahani, Baba Padri. Bado."

Roswitha, ambaye ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo, na aliyekuwa amesimama pembeni amevaa kofia mpya, akamnong'oneza, "We Burgi, una nini? Watu wana njaa."

Notburga alikuwa anatazama pembe ya karai. Engelbert alikuwa anafuta glasi moja, anaizungusha na kuizungusha, glasi iliyokuwa imekauka zamani. Hakuinua macho. Basi Notburga akaliinamisha jagi kidogo, na divai ikaanza kutiririka sakafuni kama uzi mwekundu. Ukumbi ukaguna wote kwa pamoja. Bwana mmoja wa tarumbeta alisimama akashika kichwa.

"Mama yangu wee!" Roswitha akapiga kelele. "Inamwagika!"

Uzi ule ukanenepa. Divai ilikuwa inarukia viatu vya padri.

"Ni yake!" Engelbert akasema.

"Sauti," Notburga alisema bila kuliinua jagi.

"Ni yake, nimesema! Burgi ndiye aliyeitengeneza!" Engelbert alikuwa ametoka nyuma ya karai, povu linamdondoka. "Hii, na..." Akajifuta povu kwenye shati. "Na zile zingine zote. Tangu nilipoanguka. Mimi nilitaka zabibu zichumwe kabla ya mvua. Aliyengoja ni yeye."

Notburga akalisimamisha jagi. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko cha watu kumwangukia Engelbert, na kwa kweli alikuwa anakitamani. Lambert alicheka kidogo, akaona yuko peke yake, akanyamaza. Kilichokuja badala ya kicheko ni kitu kibaya zaidi.

"Kusema ule ukweli," Roswitha alisema akirekebisha kofia, "mimi nilikuwa nahisi. Kila asubuhi ukija dukani na ile mikono."

"Hata mimi," akasema mzee mmoja wa divai. "Taa ya ghalani ikiwaka, kivuli ni cha gauni."

"Sisi tulidhani ndivyo mlivyopatana wenyewe," mwingine akaongeza, na vichwa vikaitikia meza hadi meza.

Hapo damu ilimpanda Notburga mpaka masikioni. Kumbe miaka yote aliyodhani hawajui, walikuwa wanajua. Walimwona akipita na mabuti yenye tope, wakamuuliza Engelbert habari za mavuno.

"Mlikuwa mnajua!" alisema, na sauti yake ikapasuka. "Mlikuwa mnaiona mikono hii! Mlidhani nafanya nini nayo, naogea forosadi? Wewe Roswitha, unaniwekea mkate kwenye mkono huu wa zambarau, halafu unaniambia nimpe Engelbert hongera! Mzee wewe, umemvalisha medali ngapi mtu ambaye kivuli chake hukukiona ghalani? Nyumbani kwangu nina mwizi mmoja. Kumbe walinzi wake ni kijiji kizima!"

Watu waliangalia sahani tupu. Padri aliangalia viatu vyake vilivyolowa.

"Tubatize, Baba Padri," Notburga akasema akimkabidhi jagi. "Bata wanakauka."

Padri akabariki, haraka haraka kidogo. Ikafika zamu ya jina. Roswitha alikuwa ameandaa jina la Fahari ya Engelbert, ameandaa na mashairi yake kabisa, na karatasi ile ilikuwa imejikunja mkononi kwa jasho.

"Basi nitaiita Burgi," alisema kwa unyonge.

"Ita jina lote. Mmezoea kunifupisha."

"Nakubatiza Notburga," Roswitha akasema, wazi na kwa sauti, na machozi yakamtoka, ingawa hakujua kama ni ya aibu au ya kofia kumbana. Bendi ikaanza. Mikono ya kulia ikainuka ukumbi mzima. "Afya, Notburga!" watu wakaita, na haikujulikana kama wanaiambia divai au wanamwambia mtu. Yeye akanywa glasi ya kwanza akiwa amesimama, mpaka chini. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri vibaya sana, na hakuna hata tone moja ndani yake ambalo hakulijua.

Bata wakaletwa, wana ngozi inayopasuka kama karatasi, na madonge ya viazi, na ile kabichi nyekundu. Glasi chafu zikaanza kurudi kwenye karai, sinia kwa sinia. Notburga alipeleka ya kwake mwenyewe. Engelbert alikuwa ameinama, maji yamemrukia mpaka kifuani.

"Haya, nimesema," alisema bila kuinua kichwa. "Umefurahi sasa?"

"Hapana."

"Burgi! Nimesema mbele ya watu wote. Mbele ya padri. Nimebaki uchi kabisa. Unataka nini tena?"

Notburga alifikiri. Hakuwa amejiuliza swali hilo, kwa sababu siku zote alidhani neno lile likisemwa tu, kifua kitakuwa chepesi. Sasa lilikuwa limesemwa, na kifua kilikuwa kizito kwa miaka yote ambayo halikusemwa.

"Nataka nikasirike mpaka nichoke," alisema. "Sijawahi kupata nafasi."

Engelbert alimtazama, akaona hatanii, akarudisha mikono majini. Akatoa glasi iliyooshwa na kuiweka kando, akatoa nyingine. Zilikuwa zinajipanga zikichuruzika maji, na hapo pembeni palikuwa na taulo kavu. Mkono wa Notburga, kwa mazoea yake, ulikuwa umeshalichukua taulo na kuanza kufuta glasi ya kwanza kabla mwenyewe hajajua unafanya nini.

Akaliangalia taulo. Akalitundika begani kwa mumewe, akageuka, akaenda kukaa mezani na watu ale.